Kupima vitamini K kwa saa

Nimepotea kidogo, kazi ya programu imenibana. Leo nina stori ya damu.

Mwaka 1929 kule Copenhagen, Henrik Dam aliwalisha vifaranga chakula kisicho na mafuta, wakaanza kuvuja damu. Mwaka 1935 kilichokosekana akakiita vitamini K, kutokana na neno Koagulation, yaani kuganda. Mwaka huohuo Mmarekani Armand Quick akatoa kipimo: changanya plazima, kalsiamu na kichocheo kutoka ubongo wa sungura, kisha hesabu sekunde hadi igande. Vitamini yenyewe hakuigusa! Ni kama sisi tunavyopima seva kwa muda inaochukua kujibu.

Shida ni kwamba vichocheo vilitofautiana, kwa hiyo sekunde 20 za maabara moja hazikuwa 20 za nyingine. Kwa anayemeza warfarin, dawa inayopinga vitamini K, kosa la dozi ni kuvuja damu au kuganda. Mwaka 1983 Shirika la Afya Duniani likapitisha INR: gawanya sekunde za mgonjwa kwa za mtu mzima kiafya, kisha weka kipeo cha kichocheo kilichotumika. Mstari mmoja tu wa programu.

Mama yangu anatumia warfarin. Akizidisha sukuma wiki ghafla, namba yake hushuka.