Kikundi kidogo, lengo la nani? Hangar na Mazembe, historia mbili za Lubumbashi

Mwaka wa 1946, mji huu ulipokuwa bado unaitwa Elisabethville, Mfaransa mmoja, Pierre Romain-Desfossés, alifungua karakana ya wachoraji. Jina lililoshika ni Le Hangar. Ndani mlikuwa na watu wachache, rangi na lengo moja. Miaka 8 baadaye mwanzilishi alifariki, na karakana haikuweza kusimama peke yake.

Ni habari ya zamani, lakini inagusa kila kikundi kinachoanza kazi leo katika Katuba, Ruashi ao Kenya: akina mama wanaotengeneza sabuni, vijana wanaoshona nguo, jamaa zilizotoroka vita na ambazo zinaanza maisha upya kwa feza ya likelemba. Vikundi vingi huanza vizuri. Swali gumu ni nani ataendelea siku ile aliyeanzisha hatakuwapo tena.

Wakati ule mji uliishi kwa shaba. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka wa 1906, ndiyo iliyoshika uchumi. Mwafrika aliyetafuta mshahara alikwenda kwenye mgodi, kwenye reli, kwenye ofisi kama karani, ao nyumbani kwa Mzungu kama boyi. Mtu kulisha watoto wake kwa kuchora picha lilikuwa jambo geni kabisa. Kwa hiyo Hangar ilikuwa kazi changa katika maana yote ya neno: soko halikujulikana, na hakuna aliyeweza kuonyesha njia iliyokwisha kupitwa.

Lengo lake lilikuwa fupi. Kila mchoraji achore kile anachokijua, kwa mkono wake mwenyewe, bila kuiga picha za Ulaya. Lengo la namna hiyo lina faida mbili. Kwanza, kila mtu anaweza kulishika kichwani bila kusoma karatasi. Pili, linapimika kwa macho: picha ikimalizika, ukiitazama unajua kama mchoraji amelifikia ao ameiga mwenzake.

Matokeo yalionekana. Bela, aliyetokea upande wa Tchad na aliyekuwa akifanya kazi nyumbani kwa Romain-Desfossés, alipaka rangi kwa ncha za vidole. Pilipili Mulongoy alichora samaki, ndege na nyoka, akijaza nafasi iliyobaki kwa alama ndogo ndogo. Mwenze Kibwanga alijenga watu na wanyama kwa mistari mifupi, mmoja kando ya mwingine. Hata leo anayezifahamu picha hizo hahitaji kutafuta jina chini ya karatasi ili ajue ni ya nani. Hapo kuna fundisho la kwanza: kikundi kidogo hakiwezi kulisha watu wawili wenye kufanya jambo lilelile. Kila anayeingia alete mkono ambao haukuwamo.

Picha za Hangar zilipata wanunuzi kati ya Wazungu wa mji, kisha zikavuka bahari. Lakini kulikuwa na ufa katika msingi. Ilikuwa ni wakati wa ukoloni. Mwanzilishi ndiye aliyekusanya wachoraji, ndiye aliyewafungulia mlango wa kuuzia, na, ingawa alikuwa Mzungu, ndiye aliyeamua ni kitu gani kilicho cha Kiafrika. Lengo lilikuwa zuri, lakini lilikaa ndani ya kichwa cha mtu mmoja. Alipofariki mwaka wa 1954, lengo lilikosa mwenyewe.

Karakana iliunganishwa na Académie des Beaux-Arts, shule ambayo mchoraji Mbelgiji Laurent Moonens alikuwa ameianzisha hapa mjini mwaka wa 1951. Wachoraji wenyewe hawakupotea. Pilipili na Mwenze waliendelea kuchora kwa miaka mingi. Mwenze alifariki mwaka wa 1999, na Pilipili mwaka wa 2007. Mwaka wa 2015, Fondation Cartier kule Paris ilipofanya maonyesho makubwa ya sanaa ya Congo, kazi za watu wa Hangar zilikuwa ukutani. Watu walibaki, ufundi ulibaki. Kilichokufa ni kikundi.

Katika mji huuhuu kuna kikundi kingine kilichoanza kidogo, nacho kikaachwa na waanzilishi wake, lakini hakikufa. Mwaka wa 1939, wamisionari Wabenedikto waliosimamia Institut Saint-Boniface waliunda ekipe ya mpira kwa ajili ya wanafunzi wao. Waliipa jina la Saint-Georges. Lengo halikuwa kombe. Lilikuwa kuwapa vijana la kufanya nje ya darasa. Mwaka wa 1944 ikawa Saint-Paul. Baadaye wachezaji wasiokuwa wa shule waliingia, na wamisionari wakaacha uongozi.

Hapo ndipo ingeweza kufa kama Hangar. Lakini tayari ilikuwa na watu wengine walioihesabu kuwa yao: wachezaji, wazazi, washabiki wa mitaa. Ilipata feza kwa Englebert, kampuni ya mipira ya magari, ikabeba jina hilo. Baada ya uhuru wa mwaka wa 1960 ilijipanga upya, na lengo likapanda hatua moja moja. Mwaka wa 1966 ilishinda ubingwa wa taifa, ikaitwa Tout Puissant. Mwaka wa 1967 na wa 1968 ilichukua kombe la klabu bingwa za Afrika. Leo tunaiita TP Mazembe. Mwaka wa 2010, kule Abu Dhabi, ikawa klabu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali ya kombe la dunia la klabu, ikashindwa na Inter Milan 3 kwa 0.

Ni kweli pia kwamba Mazembe imepita katika vipindi vya kuzorota, na kwamba feza za wakubwa zimeisaidia sana. Hakuna ekipe inayokula hewa. Lakini feza ya Englebert ilikuja na kuondoka, jina likabadilika, viongozi wakapokezana, na bado Kamalondo inajaa watu siku ya mechi. Lengo lilikuwa limegawanywa kwa watu wengi kabla ya mwanzilishi kuondoka.

Kwa mama mwenye kikundi cha watu watano kwenye soko, tofauti hiyo si ya vitabuni. Jamaa zilizohama zinaijua kuliko mtu yeyote, maana vita vinaweza kumtenganisha mtu na wenzake kwa usiku mmoja. Kikundi ambacho hesabu yake iko kichwani mwa mtu mmoja kinapotea pamoja naye. Basi lengo lisemwe kwa maneno mafupi, na kila mmoja aweze kulirudia. Daftari la feza lijulikane na watu wawili angalau. Anayemjua muuzaji wa mafuta ya sabuni ampeleke mwenzake, wajuane. Na kabla ya kuongeza mtu wa sita, watano wajiulize analeta mkono gani ambao wao hawana.

Kuna jaribio moja rahisi, lisiloomba feza wala semina. Kiongozi akae nyumbani wiki moja, asitume ujumbe wala asipige simu. Akirudi akakuta sabuni imeuzwa na daftari limeandikwa, kikundi kina maisha yake. Akikuta mlango umefungwa kwa sababu ufunguo ulikuwa mfukoni mwake, ajue kazi ya kwanza ya wiki inayofuata.