Walioletwa Rubondo, Waliotolewa Rubondo

Mwaka 1966 mambo mawili yalitokea katika eneo ambalo leo ni Mkoa wa Geita, na wazee wa kwetu hukumbuka moja tu. Mgodi wa dhahabu uliokuwa ukifanya kazi tangu miaka ya 1930 ulifungwa, mitambo ikanyamaza. Hilo ndilo wanalolisimulia. La pili lilitokea magharibi mwa mgodi, kwenye kisiwa cha Rubondo ndani ya Ziwa Victoria: masanduku yalifunguliwa, wakatoka sokwe.

Sokwe hao walitoka Ulaya. Kati ya 1966 na 1969 waliletwa 17, kwa makundi manne, na shirika la uhifadhi la Frankfurt chini ya Bernhard Grzimek, yule Mjerumani ambaye wengi tunamjua kwa habari za Serengeti. Wengi walikuwa wamekamatwa wakiwa wadogo katika misitu ya Afrika Magharibi, kisha wakaishi kwenye bustani za wanyama na sarakasi. Wapo waliokaa kifungoni miezi michache, na wapo waliokaa miaka tisa. Ilisemekana wanarudishwa nyumbani. Nyumbani wapi? Sokwe wa asili wa Tanzania wako Gombe, Mahale na misitu mingine ya upande wa Tanganyika, nao ni spishi ndogo nyingine kabisa, ile ya mashariki. Aliyewaza safari ile alikuwa na ramani yenye neno moja tu, Afrika.

Nimesoma historia, si baiolojia, lakini aliyenifanya niifikirie Rubondo upya ni kasa. Sisi watu wa bara tunamjua kobe, anayekokota nyumba yake shambani. Kasa ni ndugu yake wa baharini, na ana tabia ya ajabu. Jike la kasa wa kijani huchukua miaka ishirini, thelathini au zaidi kukomaa, akiwa amezunguka maji ya mbali, kisha hurudi kutaga katika pwani ileile alikoanguliwa. Kwa muda mrefu hayo yalikuwa makisio. Wengine walidhani jike changa huwafuata tu majike wazoefu anaokutana nao malishoni. Mwaka 1990 Anne Meylan, Brian Bowen na John Avise walilijaribu swali hilo kwa DNA ya mitokondria, ambayo mtoto huirithi kwa mama peke yake. Kama majike wangekuwa wanafuatana ovyo, koo za kike zingechanganyika fukwe zote. Walichokuta ni kwamba makundi ya kutagia yanatofautiana kwa ukoo wa mama.

Kwa mtu wa historia hiyo ni nyaraka. Ufuo una kizazi chake, kama kijiji. Ukiwamaliza majike wa ufuo mmoja kwa nyama, kwa mayai au kwa kuwajengea hoteli juu ya mchanga, umefuta tawi zima la ukoo, na majirani hawaji kujaza nafasi hiyo kwa haraka. Utajiri wa vinasaba vya kasa umetawanyika hivyo, ufuo kwa ufuo.

Kabla hayo hayajajulikana, kasa nao walikuwa na Rubondo yao. Kuanzia 1959 hadi 1968 Mmarekani Archie Carr, bingwa wa kasa wa wakati wake, alisimamia mpango wa kuchukua mayai na vifaranga kutoka Tortuguero, Costa Rica, na kuvisambaza katika fukwe za Karibi kwa ndege za jeshi la wanamaji la Marekani. Fukwe zile zilikuwa zimekwisha kasa, na nia ilikuwa kuzirudishia. Makundi mapya yaliyotarajiwa hayakuonekana. Tazama miaka: ni muongo uleule. Watu wema, wenye ndege na meli, waliamini kwamba makazi ni kitu cha kugawiwa.

Sokwe, hata hivyo, walifanikiwa. Hapa ndipo habari inaponisumbua. Waliokulia kwenye vizimba walijifunza kujenga viota juu ya miti na kula mabungo ya msituni. Madume wawili waliowashambulia watu walipigwa risasi. Waliobaki wakaukimbia ubinadamu taratibu, wakazaa, na leo ni wengi kuliko 17 wa mwanzo. Vifaru weusi walioletwa kisiwani miaka hiyohiyo hawakupata bahati hiyo. Majangili waliwamaliza.

Lakini kwa sokwe, jike ndiye anayeondoka. Akibalehe huhama kundi la mama yake na kwenda kuzaa kwa wageni, na hivyo damu haizunguki palepale. Ni kinyume cha kasa kabisa. Rubondo ina kilomita za mraba 240 hivi, na pande zote ni maji. Atahamia wapi? Chochote watakachokuwa sokwe hawa baada ya vizazi kumi, kitatoka katika mfuko mdogo wa wale 17, kasoro wale ambao hawakuzaa.

Na kisiwa hakikuwa kitupu. Waliishi humo Wazinza, wavuvi na wakulima. Katika miaka ya 1960, Rubondo ilipofanywa pori la akiba, waliondolewa, wakapelekwa visiwa vya jirani na nchi kavu. Mwaka 1977 ikawa hifadhi ya taifa, na uvuvi katika maji yake umepigwa marufuku. Aliyezaliwa pale akitaka kurudi, arudi kama mtalii, kwa kiingilio.

Nisiandike kana kwamba Wazinza walinyang'anywa na Wajerumani peke yao. Babu yangu alitoka Shinyanga na ng'ombe wake. Baada ya Vita ya Pili ya Dunia serikali ya kikoloni ilifyeka vichaka vyenye mbung'o Geita na kuwahimiza Wasukuma kutoka wilaya zilizojaa watu wahamie huko, na huko ndiko ilikokuwa nchi ya Wazinza. Leo ukipita Geita mjini au kwenye machimbo ya wachimbaji wadogo, Kisukuma ndicho unachokisikia kila kona. Mimi huitwa mtu wa Geita bila anayeuliza.

Sokwe mdogo aliyezaliwa Rubondo mwaka huu, ukiokota kinyesi chake na kusoma DNA ya mama zake, itakutaja msitu wa Afrika Magharibi ambao bibi yake aliuacha akiwa ndani ya gunia. Yeye mwenyewe asubuhi atashuka kiotani na kwenda kwenye mbungo alioonyeshwa na mama yake.