Hattie McDaniel na Meza ya Kando

Katika sura ya pili ya waraka wake, Yakobo anatuonya kuhusu wageni wawili wanaoingia katika kusanyiko. Mwenye pete ya dhahabu anapewa mahali pazuri, na maskini anaambiwa asimame kule. Maisha ya mwigizaji Hattie McDaniel yanatukumbusha kwamba mtu anaweza kualikwa, kushangiliwa na hata kutuzwa, na bado akaketishwa kando.

Hattie alizaliwa mwaka 1893 huko Wichita, katika jimbo la Kansas nchini Marekani, akiwa kitindamimba wa wazazi waliozaliwa utumwani. Baba yake, Henry, alikuwa askari katika vita vilivyoukomesha utumwa huo. Mama yake, Susan, aliimba nyimbo za dini. Hattie naye aliimba na kuigiza tangu ujana, lakini uchumi ulipoanguka mwaka 1929 alijikuta akihudumia wageni katika maliwato ya klabu moja mjini Milwaukee. Mwaka 1931 alihamia Los Angeles kutafuta kazi ya filamu. Ilipokosekana, alifanya kazi za ndani katika nyumba za watu.

Filamu zilipomkubali, zilimpa kazi ileile ya mtumishi wa nyumbani. Ndivyo alivyoigiza Mammy katika Gone with the Wind. Filamu hiyo ilipozinduliwa Atlanta mwezi Desemba 1939, ubaguzi wa huko ulimzuia asihudhurie. Tarehe 29 Februari 1940 tuzo za Oscar zilitolewa katika hoteli ya Ambassador, Los Angeles, ambayo haikuwapokea watu weusi. Mtayarishaji wa filamu, David O. Selznick, ilibidi amwombee ruhusa ya kuingia. Wenzake waliketi pamoja, naye akawekwa kwenye meza ndogo karibu na ukuta. Aliinuka kutoka meza hiyo kwenda kupokea Oscar, Mmarekani mweusi wa kwanza kuipata.

Hata watu wake hawakumpongeza wote. Walter White, kiongozi wa chama kilichotetea haki za weusi, aliwalaumu waigizaji waliokubali nafasi za utumishi. Lawama hiyo ilikuwa na msingi, kwa kuwa filamu ile iliupamba utumwa. Lakini tunapomhukumu mtu kwa mlango aliopitia, tuulize pia ni nani aliyeifunga milango mingine.

Wala Hattie hakukaa kimya. Majirani wazungu walipokwenda mahakamani ili weusi waondolewe katika mtaa wa Sugar Hill, Los Angeles, alisimama pamoja na wenzake kutetea nyumba zao. Mwaka 1945 walishinda.

Alifariki mwaka 1952, akiwa na umri wa miaka 59. Alikuwa ameomba azikwe katika makaburi ya Hollywood, lakini yalikuwa ya wazungu tu, akazikwa kwingine. Mwaka 1999 wamiliki wapya wa makaburi hayo walimjengea mnara wa kumbukumbu.

Wapendwa, tusiishie kuwashangaa Wamarekani wa zamani. Binti anayetufanyia kazi nyumbani tunakuja naye ibadani, kisha tunamwacha nje na mtoto anayelia, naye hasikii mahubiri hata Jumapili moja. Mama anayepika kila kunapokuwa na sherehe ya kanisa tunamshukuru kwa makofi, lakini kwenye kikao hatumwulizi maoni yake. Tunakula chakula chao na kuwasifia, huku tumewaweka kwenye meza ya ukutani.

Bwana wetu aliketi na waliodharauliwa, akala nao. Mnara wa Hattie ulijengwa miaka 47 baada ya kifo chake, na yeye hakuuona. Yule binti yuko hai. Jumapili ijayo tumpokee mtoto, tumwambie aingie ndani akae.