Jembe Nyuma ya Msafara

Watu wa pwani walimjua Mnyamwezi kwa bega lake: alishuka Bagamoyo na pembe za ndovu, akarudi bara na nguo na shanga. Ni wachache waliouliza habari za kwao.

Kwao ni nchi ya miombo, Unyanyembe, ambamo leo imo Ntalikwa, kata ya Manispaa ya Tabora. Maisha ya vijiji vyake yalifuata mvua. Mavuno yakiisha, vijana walijitwika mizigo. Novemba ikikaribia, walitazamiwa warudi kulima. Aliyekawia alimwachia mkewe jembe na ghala.

Biashara ilipozidi katika karne ya 19, waliokawia wakawa wengi. Mashamba ya wenye mali yakalimwa na watumwa, walionunuliwa kwa faida ya pembe zizo hizo.

Burton na Speke walifika huko mwaka 1857, na majina yao yamehifadhiwa. Ya waliowalimia chakula hayakuandikwa, ilhali msafara haukula pembe, ulikula mtama.

Mwaka 1912 reli ilifika Tabora. Bega likapumzika, jembe halikupumzika.