Kansa imejificha, akili inavurugika

Wadau, leo ni historia, ila si ile ya Mkutano wa Berlin. Ni ya ugonjwa, na sisi wa Ualimu unatuhusu, maana tukishasoma saikolojia kidogo tu, kila mtu tunamwona ana msongo wa mawazo.

Mwaka 1948 Derek Denny-Brown, daktari wa mishipa ya fahamu pale Boston, Marekani, aliandika juu ya wagonjwa wawili waliopoteza hisia mwilini. Wote walikuwa na kansa ya mapafu, lakini kansa yenyewe haikuwa imefika kwenye mishipa iliyoharibika. Sasa nani kaiharibu? Mwaka 1956 Lambert na Eaton wa Mayo Clinic nao wakaeleza wagonjwa waliolegea misuli, baadhi wakiwa na kansa hiyohiyo.

Jibu lilianza kuonekana miaka ya 1980 huko New York, kwa kina Jerome Posner. Kumbe seli za kansa ile zina protini ambayo kwa kawaida hukaa kwenye seli za fahamu. Kinga ya mwili inaishambulia kansa, halafu inageukia ubongo na mishipa kwa kufananisha. Yaani askari wetu wenyewe! Kansa inaweza kuwa bado ndogo mno haijaonekana, huku mtu tayari hawezi kutembea.

Kilichonigusa zaidi ni cha 2007. Josep Dalmau na wenzake walieleza wanawake 12, wengi vijana. Walianza kuchanganyikiwa na kuona visivyokuwepo, kisha degedege na kupoteza fahamu. Ukimwona utasema amedata. Kumbe wote walikuwa na uvimbe uitwao teratoma, karibu wote kwenye ovari, na ndani yake mna tishu za fahamu! (Uvimbe huo mara nyingi si kansa, na wengine wanaugua bila uvimbe wowote.) Uvimbe ukitolewa na kinga ikatulizwa, wengi wanapona: utafiti wa 2013 ulionyesha kama wanne kati ya watano walikuwa vizuri baada ya miezi 24.

Wale wa kansa ya mapafu hawana bahati hiyo, seli za fahamu zikishakufa hazirudi. Ndiyo maana siku hizi damu ikionyesha kingamwili za hatari na picha zikatoka safi, haimaanishi mtu kapona. Anarudiwa kupimwa kila miezi 4 hadi 6, kwa miaka 2.