Kimeng'enya kinachostahimili joto chafichua siri ya tone la damu

MKAZI wa Muyeye, mjini Malindi, anaposhikwa na homa, damu yake huchunguzwa kwa hadubini au kwa kifaa cha kupima malaria papo hapo. Vipimo hivyo humwezesha kutibiwa. Hata hivyo, havionyeshi iwapo vimelea vilivyomo mwilini mwake vimekuwa sugu kwa dawa.

Jibu limo katika DNA ya vimelea hao, ambayo katika tone la damu ni kidogo mno kuweza kusomwa kabla ya kunakiliwa.

Kazi hiyo hufanywa kwa mbinu iitwayo PCR, iliyobuniwa mwaka 1983 na Mmarekani Kary Mullis, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 1993. Sampuli huchemshwa hadi takriban nyuzijoto 95 za Selsiasi ili kamba mbili za DNA ziachane. Kisha hupozwa, na kimeng'enya hujenga nakala mpya katika nyuzijoto 72 hivi. Kinadharia, mizunguko 30 huzaa nakala zaidi ya bilioni moja kutokana na DNA moja.

Mwanzoni, kimeng'enya kilichotumiwa kiliharibiwa na joto, ikalazimu kingine kiongezwe kila mzunguko. Ufumbuzi ulitoka kwa Thermus aquaticus, bakteria wa chemchemi za maji moto za Yellowstone, Marekani, ambaye Thomas Brock na Hudson Freeze walimtangaza mwaka 1969. Kimeng'enya chake, Taq, hustahimili joto hilo.

Katika kaunti hiyo hiyo ya Kilifi, kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust, kilichoanzishwa mwaka 1989, hutumia PCR kuchunguza malaria. Mwaka 2020, mbinu hiyo ilitumiwa kituoni humo kupima sampuli za Covid-19 kutoka Pwani, baada ya RNA ya virusi kugeuzwa kuwa DNA.

Umuhimu wake si mdogo. Mwaka 1998 Kenya iliacha kutumia klorokwini kama tiba ya kwanza ya malaria kwa sababu ya usugu. Dawa ya SP iliyochukua nafasi yake nayo ilipozidiwa, sera ilibadilishwa mwaka 2004 na kuleta dawa mseto yenye artemeta na lumefantrini.

Mabadiliko ya DNA yakigunduliwa mapema, dawa yaweza kubadilishwa kabla wagonjwa hawajaanza kufa wakiwa wamekwisha kuimeza.