Mcheza Kwao wa Raleigh

Ukumbi wa mpira wa kikapu wa Reynolds, ulio ndani ya chuo cha North Carolina State mjini Raleigh, ni mrefu kupita kiasi. Waliokaa nyuma ya magoli walikuwa mbali na mchezo, na sababu yake ni kocha mmoja. Fremu ya chuma ya ukumbi huo ilisimama bila kumaliziwa wakati wa Vita Kuu ya Pili. Kocha huyo, Everett Case, alipowasili kutoka Indiana mwaka 1946, alishinikiza jengo lirefushwe ili liingize watu wengi zaidi kuliko ukumbi wa jirani zao, Duke. Lilifunguliwa Desemba 1949 likiwa na viti 12,400.

Viti hivyo ndivyo vilivyoamua mambo. Ligi ya vyuo ya ACC ilipoundwa mwaka 1953, mashindano yake ya mtoano yalipelekwa Reynolds, yakabaki hapo kuanzia 1954 hadi 1966. Na hayakuwa bonanza la kufungia msimu. Kila ligi ilipewa nafasi moja tu katika ubingwa wa taifa, na ACC ilimpa nafasi hiyo mshindi wa mtoano. Ungeweza kuongoza ligi majira yote ya baridi, ukapoteza mechi moja Raleigh, ukarudi nyumbani.

Duke walionja hilo mwaka wa kwanza kabisa. Walimaliza vinara wa ligi, wakakutana na wenyeji nusu fainali, wakatolewa. North Carolina State, walioshika nafasi ya nne, wakaifunga Wake Forest 82-80 katika muda wa nyongeza na kutwaa kombe. Mwaka 1965 Duke wakaongoza tena, na tena wenyeji wakawafunga, 91-85, Larry Worsley akitia pointi 30. Case, aliyekwisha kustaafu kwa ugonjwa, alisaidiwa kukata nyavu, desturi ya mabingwa aliyokuja nayo kutoka Indiana.

Lakini hesabu haimtii hatiani mwenyeji peke yake. Katika miaka hiyo 13 North Carolina State walichukua makombe 5, Duke 4, Wake Forest 2, North Carolina 1. Yote 12 yalibaki kwa vyuo vya jimbo moja, North Carolina, ambavyo mashabiki wao waliweza kufika Raleigh kwa gari na kurudi kulala kwao. Kombe la 13 lilikwenda Maryland mwaka 1958. Kwa hiyo mimi naona kelele za wageni dhidi ya Reynolds, kwamba ulimbeba mwenyeji, zilikuwa za haki ila zililenga padogo mno: mwenyeji halisi alikuwa jimbo zima.

Ndiyo maana kuhamia Greensboro mwaka 1967, kisha Charlotte, hakukuwaponya wageni. Miji yote miwili imo humo humo North Carolina. Mwaka 1970 South Carolina walishinda mechi zote 14 za ligi, kisha wakafungwa 42-39 na North Carolina State katika fainali ya Charlotte, baada ya nyongeza mbili, nyota wao John Roche akicheza na kifundo cha mguu kilichoumia. Kilichowachoma zaidi ni kwamba hatua ya kanda ya ubingwa wa taifa ilikuwa ikichezwa Columbia, ndani ya ukumbi wao wenyewe. Wakabaki watazamaji kwao. Mwaka uliofuata walitwaa kombe, wakajitoa katika ligi.

Leo ligi ndogo kama Patriot humpa uwenyeji aliyemaliza juu zaidi, na sioni cha kulalamikia hapo. Uwenyeji huo umetolewa jasho msimu mzima. Wa Raleigh ulitolewa na mafundi wa ujenzi.

ACC ilivuka mpaka wa North Carolina kwa mara ya kwanza mwaka 1976, ikaenda Landover, jirani kabisa na chuo cha Maryland. Maryland walitolewa nusu fainali na Virginia, timu iliyoshika nafasi ya sita, ambayo kesho yake iliifunga North Carolina na kuondoka na kombe.